Polygon Siskiu T8: je, kilo 15 ni nyingi?

Muuzaji mmoja alinishauri kwamba baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele na nyuma ikizidi kilo 13 ni mzigo tu. Sikukubaliana naye, na baada ya mwaka mzima wa kuiendesha Polygon Siskiu T8 katika milima ya Usambara, msimamo wangu haujabadilika.

Baiskeli hii ya Kiindonesia ina fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29 na shokapu za kampuni ya Fox zenye mwendo (yaani umbali ambao gurudumu huweza kupanda shokapu inapobonyea) wa milimita 140 mbele na 135 nyuma. Siku niliyoipokea nilifunga mizani ya kupimia mabegi kwenye boriti ya baraza, nikaitundika baiskeli kwa ncha ya kiti na kusubiri namba zitulie. Zilisimama kwenye kilo 15.4, nilipofungua pedali zote mbili zikashuka hadi 15.0. Mnunuzi aizingatie tofauti hiyo, kwa kuwa watengenezaji wengi hutangaza uzito bila pedali, tena mara nyingi wa fremu ya saizi ndogo au ya kati.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, na hupanda kama mita 1,000. Niliipanda kwa saa tatu. Mimi, begi na maji yangu tulikuwa na kilo 78, hivyo pamoja na baiskeli zilipanda kilo 93. Kilo moja ni karibu asilimia moja tu ya mzigo huo, maana yake ni kwamba baiskeli nyepesi kwa kilo nzima ingenifikisha mapema kwa dakika zisizotimia mbili. Kilichonichosha zaidi ni tairi pana zenye meno makubwa, ambazo kwenye lami huwa nzito kuzungusha.

Uzito wenyewe niliuhisi katika njia za msitu wa Magamba, pale mvua ilipochimba makorongo na ikanibidi kuibeba baiskeli begani huku nikikanyaga mizizi yenye utelezi. Hapo kilo 15 huumiza bega kwelikweli. Lakini njia inapoanza kuteremka juu ya mawe, ni tairi hizohizo nene, ringi pana na kiti kinachoshushwa kwa kitufe, vyote vyenye uzito wake, vinavyonipa ujasiri wa kuachia breki.

Kwa bei ya kati, yaani dola 2,000 hadi 3,500, naona baiskeli ya alumini ya aina hii iwe kati ya kilo 14 na 15.5 bila pedali. Yenye mwendo wa milimita 160 ikifika kilo 16 si kasoro. Ukiahidiwa kilo 12 kwa bei hiyohiyo, chunguza kwanza tairi na breki, kwani huko ndiko gramu hupunguzwa kwa urahisi.

Mimi nilitoa tyubu na kutia dawa ya maji ya kuziba pancha, nikapunguza kama gramu 300 pembezoni mwa magurudumu, mahali ambapo mguu huzihisi mapema kila unapoondoka. Ningemshauri atafute nyepesi zaidi, hata kwa kuongeza fedha, yule tu anayekaa ghorofa ya nne pasipo na lifti.