East Broad Top, Pennsylvania: anzia karakana, treni baadaye

Kwa yeyote anayepanga kwenda East Broad Top, reli ya zamani ya mvuke, nina ushauri mmoja ambao nausisitiza kabla ya yote: kata tiketi ya kutembezwa karakana, na uitumie kabla hujapanda treni. Wengi hufanya kinyume. Wanapanda behewa, wanapiga picha za moshi, wanawanunulia watoto fulana, kisha wanageuza gari kurudi makwao. Hazina yenyewe wameiacha nyuma ya kuta za matofali, hatua chache tu kutoka stesheni.

Mahali penyewe ni Rockhill Furnace, kijiji kidogo katika Kaunti ya Huntingdon, katikati ya jimbo la Pennsylvania. Stesheni inaitwa Orbisonia, kwa jina la mji jirani ulio ng'ambo ya kijito cha Blacklog. Reli ni nyembamba: futi tatu kutoka chuma hadi chuma, yaani milimita 914, wakati reli ya kawaida ya Marekani ni milimita 1,435. Kampuni ilipata kibali mwaka 1856, ujenzi ukaanza 1872, na mwaka 1874 njia ikafika Robertsdale kwenye migodi ya makaa ya Mlima Broad Top. Njia kuu, iliyoishia Mount Union ilipokutana na reli kubwa ya Pennsylvania Railroad, ilikuwa na urefu wa maili 33 hivi. Kazi yake ilikuwa kushusha makaa na kurudi juu kuchukua mengine, na ikaifanya kazi hiyo mpaka 1956.

Reli nyembamba zilijengwa kwa wingi Marekani miaka ya 1870 kwa sababu zilikuwa nafuu kujenga, na zikafa kwa wingi kwa sababu kila zilipokutana na reli pana ilibidi mzigo uhamishwe. East Broad Top walikuwa na dawa ya tatizo hilo. Kule Mount Union walikuwa na winchi kubwa iliyonyanyua behewa la reli pana, wakaliondolea magurudumu yake, wakaliwekea ya reli nyembamba, na behewa likaendelea na safari na mzigo wake ndani. Ndiyo maana reli hii ilidumu kuliko wenzake. Ilipofungwa, ilikuwa ya mwisho ya aina yake kubeba mizigo ya biashara mashariki ya Milima ya Rocky.

Sasa karakana. Mimi nakereza vyuma kwa riziki, kwa hiyo jicho langu hutafuta mashine kabla ya injini, na hapa lilishiba. Karibu na dari shafti ndefu imelala kwa urefu wa jengo. Imevishwa puli nyingi, na kutoka kwenye puli mikanda inashuka hadi kwenye mashine zilizo sakafuni. Injini moja ya mvuke, iliyofungwa mahali pamoja, ndiyo iliyokuwa ikizungusha shafti, na shafti ikazungusha kila kitu. Fundi akitaka mashine yake isimame hakuwa na swichi ya kubonyeza. Alisukuma wenzo wa mbao, mkanda ukahama kutoka puli iliyokazwa na kuingia puli ya pembeni inayozunguka bure. Mashine ikatulia huku shafti juu ikiendelea kuwatumikia wengine. Simama karibu na wenzo mmoja uutazame mwisho wake: mbao imelainika na kuwa nyeusi mahali pale pale viganja vilipokuwa vikishika, na pembe zimelika upande mmoja tu, ule wa kusukumia. Kwa mtu wa kazi yangu, alama hiyo inaeleza zaidi ya kibao chochote cha maelezo.

Pana mahali pa wahunzi, pana mahali pa kusubu vyuma, pana mahali pa maseremala wa mabehewa. Kipuri kikivunjika kwenye injini, mchoro wa mbao wa kusubia ulichongwa hapa hapa, chuma kikayeyushwa, kikakerezwa, kikafungwa. Hata kile kibehewa chenye injini yake, M-1 cha mwaka 1927, kilikuja vipande vipande kwa michoro ya kampuni ya Brill na kuungwa na mafundi wa hapa. Ndani yake injini ya petroli inazungusha jenereta, na umeme ndio unaosukuma magurudumu. Kipo bado, na ukikikuta kinatembea panda bila kufikiri mara mbili.

Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa malori na hana hisia kali na treni, alizunguka akitazama yale matani ya chuma, akaniuliza: "Shemeji, miaka yote hii hakutokea mtu wa kuviuza hivi?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, kwa sababu jibu lake linashangaza. Aliyeinunua reli hii mwaka 1956 alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Nick Kovalchick aliishi kwa kung'oa reli na kukata injini, na hii angeweza kuikata yote. Hakuikata. Alifunga milango, njia ikaota majani, injini zikabaki zimesimama pale zilipozimwa. Mwaka 1960 Orbisonia walikuwa wakiadhimisha miaka 200 ya mji wao, wakamwomba awashe treni, na yeye akakubali. Injini Na. 12 na Na. 15 zikarudi njiani, na treni za wageni zikaendelea chini ya familia yake hadi 2011. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliitambua reli nzima kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Baada ya 2011 kimya kikarudi, mpaka Februari 2020 taasisi ya East Broad Top Foundation ilipoinunua. Miongoni mwa walioianzisha ni Wick Moorman, aliyewahi kuongoza kampuni ya reli ya Norfolk Southern na baadaye Amtrak, shirika la treni za abiria, kwa hiyo reli wanaijua.

Watu huzoea makumbusho ambamo injini moja imetoka Ohio, nyingine Georgia, ya tatu imepakwa rangi ya kampuni ambayo haikuwahi kuitumikia. Rockhill si hivyo. Kuna injini sita za mvuke za reli nyembamba, zote za aina ya Mikado (magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa ya kusukuma katikati, mawili madogo nyuma), zote zimetengenezwa na kiwanda cha Baldwin kwa ajili ya reli hii, na zote bado zina makazi yao hapa. Zipange kwa miaka uone: Na. 12 ya 1911, Na. 14 ya 1912, Na. 15 ya 1914, Na. 16 ya 1916, Na. 17 ya 1918 na Na. 18 ya 1920. Ukitembea kutoka 12 hadi 18 unaona biashara ya makaa ikinenepa mbele ya macho yako. Na. 12 ni ndogo na nyepesi. 14 na 15 zimeongezeka mwili. Ukifika kwenye 16, 17 na 18 boila limekuwa pipa kubwa kiasi kwamba unajiuliza reli ya futi tatu ililibebaje. Baada ya 1920 hakuna iliyonunuliwa tena kwa njia nyembamba. Kule Mount Union palikuwa pia na vichwa viwili vya reli pana vya kupangia mabehewa. Navyo viliachwa bandani 1956, lakini baadaye vikauzwa nje, na nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa ya historia hii yote.

Banda la injini lina vyumba vinane vilivyopangwa kwa umbo la upinde, vyote vikitazama meza ya kugeuzia injini. Ndani kuna harufu ya grisi ya zamani na makaa baridi, harufu ambayo haitengenezwi kwa makusudi popote.

Na. 16 ndiyo iliyonitoa nyumbani. Kwa miaka yote ya treni za Kovalchick haikuwashwa hata mara moja. Ilizimwa 1956 ikabaki gizani, hadi taasisi ilipoamua kwamba ndiyo ya kuanza nayo. Februari 2023 ikapumua tena, baada ya karibu miaka 67. Anayejua boila anajua maana ya hilo. Boila la mvuke halifufuliwi kwa kusafishwa. Mabomba ya ndani hutolewa, bamba hupimwa unene pointi kwa pointi kutafuta mahali kutu ilipokula, boliti zinazoshikilia kuta za tanuru hukaguliwa moja moja, kisha chombo kizima hujazwa maji na kubanwa kwa presha kabla mtu hajathubutu kuwasha kijiti cha kiberiti. Kinachonifurahisha ni kwamba injini iliyokaa bila kuguswa ilikuwa bado na vipuri vyake mwenyewe. Haikuwahi kuvuliwa kipuri ili kivalishwe injini nyingine. Kusahauliwa kuliiharibu ngozi, lakini kuliilinda mifupa.

Safari yenyewe inakwenda kaskazini, maili nne na nusu hivi, hadi Colgate Grove. Pale njia ina pembetatu: treni inaingia upande mmoja, inarudi nyuma, inatoka upande mwingine, na kichwa kinaongoza tena kurudi nyumbani. Shuka pale, usibaki kwenye kiti. Mtia makaa ana nafasi ya kufanya kazi yake bila haraka na unaweza kusimama karibu umtazame. Hatupi makaa ovyo. Anafungua mlango wa tanuru, anatazama rangi ya moto, anachagua kona iliyofifia, anapeleka koleo moja pale, anafunga. Hewa baridi ikiingia kwa muda mrefu inapoza tanuru, ndiyo sababu mlango unafungwa baada ya kila koleo. Mtia makaa mzuri hutambulika kwa moshi: ukiwa mwepesi wa kijivu, moto unakula vizuri, ukiwa mweusi mzito, makaa yamezidi hewa.

Safari ina upungufu wake, na ni wa kimaumbile. Injini hizi zilijengwa kuvuta misururu ya mabehewa ya chuma yaliyojaa makaa. Zikipewa mabehewa machache ya abiria kwenye bonde lisilo na mlima mkali, hazitoi jasho. Unasikia mlio mzuri zinapoondoka stesheni, halafu zinatulia na kuteleza tu. Milima halisi iko kusini, kuelekea Saltillo na Robertsdale, ambako njia inapita chini ya Sideling Hill na Wrays Hill kwa mahandaki mawili. Taasisi inaendelea kuifufua njia ya upande huo kipande kwa kipande. Siku Mikado itakapopanda kule na mzigo nyuma yake, nitaandika upya. Kwa sasa karakana naipa nyota tano na safari nyota nne.

Kuna jambo moja ningependa wasimamizi walifikirie, na nalisema kwa heshima kwa sababu kazi waliyofanya tangu 2020 ni kubwa. Wapenzi wa treni wengi wanatamani kuona zote sita zikiwaka siku moja. Natamani iachwe angalau moja kama ilivyo, na kwangu mimi iwe Na. 18. Kama 16, nayo haikuwashwa katika kipindi chote cha treni za wageni. Kila chuma kilichochakaa juu yake kimechakaa kwa kazi ya makaa, na kila kiraka kimewekwa na mafundi wa reli ya kazi. Ukiifufua, lazima ubadilishe bamba, ukereze upya, upake rangi. Na ushahidi huo utaishia kwenye pipa la taka. Injini tano zinazoweza kutembea zinatosha kumwonyesha mtoto treni ya mvuke ni nini. Moja iliyolala inahitajika ili mafundi wa kesho wakitaka kujua beringi ilifungwaje mwaka 1956, wawe na mahali pa kwenda kupima.

Mambo ya safari. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Pennsylvania Turnpike, toka Fort Littleton, njia ya kutokea namba 180, ufuate barabara ya 522 kuelekea kaskazini hadi Orbisonia. Kabla ya kulipa, angalia ratiba inasema nini kuhusu kichwa cha siku hiyo, kwa sababu si kila treni huvutwa na mvuke. Siku nyingine ni dizeli. Usivae nyeupe. Cheche na masizi huingia dirishani, na dirisha lililofungwa litakunyima nusu ya raha. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana sakafu ya karakana ni ya karakana kweli.

Jirani kabisa pana Rockhill Trolley Museum, taasisi tofauti inayoendeshwa na watu wa kujitolea, yenye tramu za umeme zinazotembea kwenye tawi la zamani la reli hii, lile la Shade Gap. Ni nzuri kwa watoto na haichukui muda mrefu. Kama una nusu siku ya ziada, endesha hadi Robertsdale, ambako chama cha Friends of the East Broad Top kina makumbusho yake katika nchi yenyewe ya migodi. Barabara inapanda milima, na ukiwa njiani utaelewa kwa nini walihitaji zile injini tatu za mwisho ziwe kubwa vile.