Kinga ya Matairi ya Gari Jipya: Kuinunua au Kujiwekea Akiba?
Dhamana ya kiwanda ya matairi hushughulikia hasa kasoro za utengenezaji, si msumari, kioo wala shimo la barabarani, na pengo hilo ndilo linalozibwa na kinga inayouzwa kando. Kwa kawaida, aliyeinunua huzibiwa pancha bila malipo, na tairi likipasuka ubavuni, mahali pasipozibika kwa usalama, hupewa jingine. Hata hivyo, mikataba mingi hukokotoa fidia kwa kina kilichobaki cha mifereji ya uso wa tairi: tairi lililoanza na milimita 8 likabakiwa na 4 hulipiwa chini ya nusu pale ambapo milimita 1.6 za mwisho, ambapo tairi huhesabiwa limekwisha, hazihesabiwi. Zaidi ya hayo, kinga ikiingizwa katika mkopo wa gari (na muuzaji hupenda iwe hivyo) hutozwa riba.

Anayejiwekea akiba hubaki na fedha zake tairi lisipoharibika, ingawa ajali ya mapema humkuta mkono mtupu. Kwa matairi yenye ubavu mfupi kutoka rimu hadi barabarani, ambayo huharibika upesi yakigonga shimo, ningeinunua kinga, hasa gari likiendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwani huenda tairi moja likalazimu kubadilisha mengine ili yote yalingane kina. Kwa ubavu mrefu, akiba yatosha.