Etymonline: saiti ya bure ya asili ya maneno ya Kiingereza, wadau wa Kigoma hii inatuhusu

Wakuu habari zenu, hii ni kwa walimu wa Kiingereza, wanafunzi wa sekondari na hasa ndugu zangu mnaotembeza wageni pale makumbusho ya Ujiji. Kuna saiti inaitwa Etymonline, ya Mmarekani anaitwa Douglas Harper, kazi yake ni moja, unaandika neno la Kiingereza inakuonyesha limetoka wapi, limeanza kuonekana kwenye maandishi lini na maana imebadilikaje njiani. Kutafuta neno ni bure, na kwa kuwa karibu yote ni maandishi haili sana bando.

Chukua neno ambalo hapa kwetu tumelizoea, presume. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari na mpelelezi Livingstone, alipomkuta Ujiji inasemekana alimwambia "Dr. Livingstone, I presume?" na mpaka leo mgeni akifika pale kwenye mnara hiyo sentensi lazima aitaje. (Kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, kwa hiyo kama kweli aliyatamka hayo maneno bado watu wanabishana, waongoza wageni mlijue hilo.) Sasa wengi tunatafsiri "nadhani wewe ni Dkt. Livingstone" tunapita. Ukiliandika kule unakuta limetoka kwenye Kilatini praesumere, prae ni kabla, sumere ni kuchukua, yaani unalichukua jambo kuwa ndivyo lilivyo kabla hujathibitishiwa, likapitia Kifaransa cha zamani likaingia Kiingereza karne ya 14. Hapo ndo unaona kwa nini hakusema "I think", jamaa katembea miezi kibao toka Bagamoyo, kapita Tabora, njiani keshaambiwa kuna mzee wa kizungu Ujiji, kwa hiyo ana sababu kabisa ya kuamini ila adabu inamtaka aulize kwanza. Mimi naona "bila shaka wewe ndiye Dkt. Livingstone" inakaa vizuri zaidi. Na mahakamani ni hivyohivyo, wakisema mshtakiwa ni presumed innocent maana yake korti inaanza kwa kumchukua kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na Katiba yetu ibara ya 13 inasema hilohilo.

Kilichonikosha kuliko vyote ni ile linki ya mzizi. Unabonyeza unakuta sumere yenyewe imetokana na emere, kuchukua, baadaye ikawa kununua, na ukoo wake ni assume, consume, resume, mpaka redeem, yani kununua tena kilichokuwa chako, kukomboa! Wanakwaya wanaimba Redeemer kila Jumapili, mwanafunzi akilishika hilo moja yale mengine yanamfuata yenyewe aisee.

Mapungufu yapo. Haikufundishi matumizi ya leo, mfano assume unaweza kuitumia hata kama huna ushahidi wowote ila presume mara nyingi una msingi fulani, tofauti kama hiyo kaitafute kwenye kamusi ya kawaida yenye mifano ya sentensi, kwa hiyo usiitupe kamusi yako. Halafu ule mwaka unaouona pembeni ya neno ni wa maandishi ya zamani zaidi yaliyobaki, watu walikuwa wanaweza kulitamka hata kabla ya hapo. Na ukikuta kinyota mbele ya mzizi jua umekisiwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha, haujakutwa umeandikwa popote. Maelezo yote ni Kiingereza tena kigumu, kidato cha kwanza ataishia kukata tamaa, huyo mwalimu amsomee kwanza.

Ila kuanzia kidato cha tatu naipa alama za juu bila kusita. Walimu, kama mna ziara ya Ujiji muhula huu, kipindi cha kabla ya safari wapeni hilo neno presume walichimbe wenyewe kwenye simu, halafu pale kwenye mnara waacheni wao ndo wamuulize maswali anayewatembeza.