Uzoefu wangu: vijana wa timu yetu ya mpira walipolala majumbani mwa watu Dallas, Marekani, Ramadhani ya 2024

Fomu ya wenyeji ilikuwa na swali moja tu kuhusu wanyama: je, mtoto ana mzio wa mbwa au paka? Vijana wetu 16 hawana mzio wowote, kwa hiyo nikajaza "hapana" mara 16. Usiku wa kwanza mmoja wao alikutwa bustanini na kopo, akichota udongo. Mbwa wa nyumba alikuwa amemlamba mkono. Mtoto wa madrasa ya Mombasa anajua najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, lakini Kiingereza cha kumweleza mwenye nyumba hilo usiku ule hakuwa nacho.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wazazi huniuliza kwanza kama ni salama, na pili kama kuna baridi. Maswali ya maana zaidi ni yale ambayo fomu haikuuliza.

Timu yetu ni ya chini ya miaka 15, nami ni mlezi wao. Tulikwenda wiki ya Pasaka kucheza mechi za kirafiki. Wiki hiyo Dallas hujaa vijana wa mpira kwa sababu ya Dallas Cup, mashindano yaliyoanza mwaka 1980, na kupokea wachezaji kutoka nje ni desturi ya siku nyingi kwa familia za huko. Vijana walilala katika nyumba 7 za Richardson na Plano, miji jirani ya Dallas, wawili au watatu kila nyumba. Walezi tulikaa hotelini. Mwenyeji halipwi. Anatoa kitanda na chakula, na anampeleka mtoto uwanjani kwa gari lake. Sisi tulikuwa tumeshalipa ada ya viza, dola 185 kwa kila mtu na hairudishwi hata ukinyimwa, juu yake tikiti za ndege. Hoteli ya watoto 16 isingewezekana kabisa.

Sasa chakula. Fomu iliuliza kama mtoto anakula nguruwe. Haikuuliza kama amefunga. Mama mmoja alipika kutwa nzima, akaandaa meza saa kumi na mbili jioni kama walivyozoea wao, na vijana wetu wawili wakakaa mbele ya sahani wakitazama chini, wakisema asante, asante, bila kugusa kitu. Dallas mwishoni mwa Machi jua linazama saa moja na dakika arobaini hivi. Yule mama akadhani chakula chake kimewachukiza. Alinipigia simu hotelini sauti ikimtetemeka, nami nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na asubuhi wanakula saa ngapi?" Kuanzia kesho yake nyumba nzima ilikula magharibi, hata mume wake. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa jikoni na joho lake, anakaanga mayai ya daku. Mbwa naye akahamishiwa ua wa nyuma. (Nani afunge safarini na nani ale alipe baadaye, hilo ustadhi wao ndiye aliyewaelekeza. Muulizeni wa kwenu.)

Siku ya tatu jembe likatolewa: vyombo, vitanda, kumwagilia maua. Nilifurahi sana kuliona hilo. Mtoto anayepewa kazi amekubaliwa nyumbani.

Lipo jambo lililoniuma, na mzazi yeyote alisome. Siku mbili kabla ya kuondoka kwenda Dallas, wakala aliyetupangia nyumba alileta orodha mpya. Familia moja ilikuwa imejitoa. Kijana mmoja ameongezwa nyumba nyingine, na wa pili amepelekwa peke yake kwa mwanamume anayeishi peke yake. Nikakataa. Marekani kuna sheria ya mwaka 2018 ya kuwalinda watoto michezoni, inayotaka vyama vipunguze nafasi za mtoto kuwa faraghani na mtu mzima mmoja. Wakala akaniambia bwana huyo ni mwema, anafahamika. Huenda ni mwema kweli, wala sikumhukumu, ila mtoto ni wa mwenzangu na nimekabidhiwa mimi. Kijana akalala godoro la chini, wa tatu katika nyumba nyingine. Wakala alinikasirikia hadi mwisho wa safari, na ningekataa tena leo.

Mwaka 2018 niliwahi kusindikiza timu nyingine Norway Cup, mashindano ya mpira ya vijana huko Oslo. Kule timu hulala madarasani, magodoro yamepangwa sakafuni. Usimamizi ni rahisi na watoto wanafurahi, lakini walizungumza wao kwa wao tu, wakarudi wakijua uwanja wa Ekeberg na njia ya kwenda kula. Hawa wa Dallas walirudi wakijua mtu.

Vitu vidogo: umeme wa Marekani ni volti 120 na soketi zake ni za pini bapa, kwa hiyo nunueni adapta huku huku. Kopo la chooni mtoto abebe la kwake. Zawadi, sisi tulipeleka leso (kanga) na halua. Leso ziliwapendeza mno, halua iliisha siku hiyo hiyo.

Siku hizi siitegemei fomu ya mtu. Ninaandika ukurasa mmoja kwa kila kijana: anasali saa ngapi, anakula nini, anaogopa nini, mbwa kwake ni jambo gani, akinyamaza maana yake nini. Mwenyeji anaupata wiki mbili kabla.

Ramadhani ya 2025 yule mama alimwandikia kijana wetu akiuliza huku kunafuturiwa saa ngapi mwaka huu. Akajibiwa ni saa kumi na mbili na nusu na ushei, kama mwaka jana. Hakuamini kwamba kuna mahali jua halihamihami.