Vifaa vya kufundishia Kihispania cha safari na usafiri: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Naulizwa sana hili swali, mtu anataka kufundisha maneno ya Kihispania ya safari, treni, basi, uwanja wa ndege, tiketi na mizigo, anunue nini? Na mara nyingi anauliza akiwa ameshalipia kiboksi kizuri cha kadi zenye picha za ndege na meli, wanafunzi wake wanataja majina ya vyombo kumi na tano bila kukosea, ila ukiwaambia haya fanya kama uko dirishani kwa mkata tiketi, wote kimya. Mimi nafundisha haya maneno kwa watoto na kwa watu wazima wanaojiandaa na safari, nimenunua vingi na vingine nimevigawa, kwa hiyo nawapangia hapa kwa namna navyoviona mimi.

Ila kabla ya kupanga, kuna mambo ya kuuliza kabla hujatoa hela, na la kwanza ni Kihispania cha wapi. Hili watu wanaliruka na ndo linaloumiza kuliko yote. Basi la abiria ni autobús, hilo linaeleweka karibu kila mahali, lakini Mexico mtu wa kawaida anasema camión, neno ambalo Hispania ni lori. Kuba, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na visiwa vya Kanari wanasema guagua, halafu ukienda na hiyo guagua yako Chile unakuwa unaongelea mtoto mchanga. Ajentina wana colectivo, Chile wana micro. Tiketi Hispania ni billete, Amerika ya Kilatini sehemu nyingi ni boleto au pasaje, Kolombia utasikia tiquete, na ukisema billete huko mtu anawaza noti ya hela. Gari dogo ni coche Hispania, carro Kolombia na Venezuela, auto Ajentina na Chile. Peru kituo cha mafuta ni grifo, na Hispania grifo ni bomba la maji.

Halafu kuna kitenzi coger. Hispania ni neno la kawaida tu la kupanda basi au treni, bibi na mjukuu wanalitumia, lakini Mexico na Ajentina ni neno chafu. Niliwahi kununua seti nzima imeandikwa coger el tren, coger el autobús, coger un taxi, na nusu ya darasa langu walikuwa wanajiandaa kwenda Mexico, ikabidi nikae usiku nabandika vikaratasi vyenye tomar juu ya kila kadi. Tomar inapita kote. Tangu siku hiyo natafuta kitenzi hicho kwanza, kikiwa coger najua seti imetengenezwa kwa ajili ya Hispania, na kama mwanafunzi anaenda Madrid hapo hakuna neno.

Jambo la pili ni alama za mkazo pamoja na el na la, vile vineno vinavyotangulia jina kuonyesha ni la kiume au la kike. Sisi wa Kiswahili Kihispania kimetupendelea sana kwenye matamshi, irabu ni zetu zilezile tano, ñ ni ny ya nyumba, ch ni ch yetu, ll watu wengi wanaitamka kama y, h haisomwi kabisa, na hata mkazo kwenye maneno mengi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, maleta, parada, billete, aduana, soma tu kama unavyosoma Kiswahili na umepatia. Kasheshe iko kwenye estación (stesheni), avión (ndege), autobús na andén (jukwaa la kupandia treni), hayo yanakazwa mwisho na kile kialama juu ya irabu ndo kinakwambia. Sasa kuna kadi nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu bila alama, ESTACION, ANDEN, na mwanafunzi wetu anasoma kwa mkazo wa Kiswahili, kosa linakaa kichwani na kulitoa ni kazi. Na neno lisilo na el au la ni nusu ya neno, hasa kwenye safari ambako mitego ipo: el tranvía na el mapa yanaishia na a lakini ni el, la moto na la foto yanaishia na o lakini ni la.

Jambo la tatu, angalia vitenzi. Seti ikiwa na majina matupu ya vyombo, hiyo ni picha za kuangalia. Msafiri anahitaji salir (kuondoka), llegar (kufika), subir (kupanda), bajar (kushuka), perder el tren (kuachwa na treni), hacer transbordo (kubadilisha treni au basi njiani). Anahitaji kuuliza ¿a qué hora sale? (inaondoka saa ngapi), ¿de qué andén sale? (inaondoka jukwaa gani), ¿cuánto cuesta? (bei gani). Muuzaji mwombe akuonyeshe picha ya kadi tano na kurasa mbili za ndani, akikutumia picha ya kasha tu tafuta mwingine.

Haya sasa tupange.

Namba moja kwangu ni kadi za picha ambazo upande wa picha hauna maandishi. Narudia, hauna maandishi, neno likae nyuma. Neno likiwa chini ya picha mwanafunzi anasoma, hakumbuki, na wewe unadhani anajua. Tafuta seti yenye kadi kama 40 hadi 60, na humo ndani vyombo vya usafiri visizidi theluthi, zinazobaki ziwe sehemu na matukio, dirisha la tiketi, foleni ya ukaguzi, begi lililopotea, mtu anakimbiza treni inayoondoka, ubao wa ratiba, mtu anauliza njia. Picha ya ndege inakupa neno moja, picha ya mtu aliyechelewa ndege inakupa mazungumzo ya robo saa. Kwa darasa kubwa chukua saizi ya A5 au kubwa zaidi, kwa vikundi vya wawili watatu A6 inatosha, na ziwe ngumu, zimefunikwa plastiki, karatasi laini inakunjika pembe ndani ya wiki mbili na watoto wakishaijua kadi kwa pembe yake mchezo umekwisha.

Kinachonifanya niziweke juu ni kwamba unazitumia kwa kila kitu. Leo mnafanya ¿cómo vas? (unaenda kwa nini), voy en tren, voy en avión (naenda kwa treni, kwa ndege), halafu unatoa picha ya mtu anatembea kwa miguu uone nani atasema en pie, maana ni a pie, na farasi pia ni a caballo. Kesho unapanga kadi sita mezani zinakuwa safari moja na mwanafunzi anaisimulia, keshokutwa unazirudisha zilezile kwa wakati uliopita, perdí el tren, tomé un taxi, llegué tarde, yaani niliachwa na treni, nilipanda teksi, nilichelewa kufika. Kwa bei ya mara moja umepata kazi ya mwaka.

Namba mbili ni loto. Mexico wana mchezo wao wa zamani wa lotería, kadi 54 zinaitwa moja moja na kila mchezaji ana ubao wa picha 16, nne kwa nne, na hiyo ndo namna nzuri zaidi niliyowahi kuona ya kumfanya mtu asikilize. Tafuta ya maneno ya safari, na kabla hujalipa hesabu bao ziko ngapi na kama kweli zinatofautiana, kuna zinazouzwa bao zikiwa zimerudiwa, watu wanne wanashinda kwa mpigo. Usiite neno peke yake, ita sentensi, el tren sale a las siete, wao watafute treni. Na kama kuna loto ya namba inunue pamoja nayo, maana mahali watu wanapopotea kweli stesheni ni kwenye namba, sesenta na setenta (60 na 70) zinafanana masikioni, dos na doce (2 na 12), tres na trece (3 na 13), na mtu akisikia vibaya namba ya geti anakaa geti lisilo lake ametulia kabisa.

Bao za kurusha dadu zenye njia na stesheni nazo ni nzuri, ila nyingi mtu anaweza kucheza mpaka mwisho bila kusema hata neno moja. Kama ukifika kwenye stesheni hulazimiki kuuliza au kujibu kitu, iache.

Namba tatu si ya kununua, na naiweka hapa kwa sababu inazishinda nyingi za kulipia: ramani za metro za kweli. Metro ya Buenos Aires ambayo wenyewe wanaiita Subte ilianza 1913, ya Madrid 1919, ya jiji la Mexico 1969, na ramani zake zote unazipata bure kwenye intaneti. Ya Mexico naipenda sana kwa kufundishia kwa sababu kila stesheni ina alama yake ya picha, zilichorwa hivyo ili hata asiyejua kusoma ajue ashuke wapi, kwa hiyo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza ana kitu cha kushika. Hela yako itumie kuiprinti kubwa na kwa rangi. Halafu ni ¿cómo llego a Sol? (nafikaje stesheni ya Sol) na jibu toma la línea 1 hasta Sol (panda njia namba 1 mpaka Sol), ukiwa Atocha Madrid hiyo ni njia ya kweli kabisa. Na hiyo hasta ni ndugu wa hata yetu, zote zimetoka kwenye Kiarabu ḥattā, waambie wanafunzi wako hivyo na hawataisahau. Tafuta pia rekodi za matangazo ya metro ya Madrid, lile maarufu la stesheni yenye kona linaonya usiingize mguu entre coche y andén, kati ya behewa na jukwaa, na hapo darasa linagundua kwamba coche si gari dogo tu, ni behewa pia.

Namba nne ni mafaili ya kuprinti yanayouzwa na walimu wenzetu mitandaoni. Mengine ni mazuri kuliko vitu vya madukani maana aliyeyatengeneza anafundisha kweli. Shida ni kwamba ubora unapanda na kushuka, kuna niliyodaunlodi yana makosa ya el na la ukurasa wa kwanza tu. Chagua faili unaloweza kulibadilisha maneno, ili autobús iwe camión pale unapotaka, soma ruhusa inasema darasa moja au shule nzima, na piga hesabu ya wino na plastiki kabla hujasema ni rahisi, kurasa 30 za rangi zinaweza kuzidi bei ya seti ya kadi iliyokamilika.

Tano, programu za simu. Kwa mtu anayejifunza peke yake ningezipandisha mpaka namba mbili, kwa mwalimu wa darasa zinabaki hapa. Kile kinachonishawishi ni urudiaji wa kupanga siku, neno unalolikosea linarudi haraka na unalolijua linakaa mbali. Anki inafanya hivyo na ni bure kwenye kompyuta na Android, kwenye iPhone ndo ya kulipia, na humo unaweka picha zako na sauti yako mwenyewe. Hilo ni muhimu kwetu kwa sababu seti nyingi zilizokwisha kutengenezwa zinatafsiri kwa Kiingereza, mwanafunzi anazunguka lugha tatu kufika kwenye neno maleta wakati picha ya sanduku la safari ingemfikisha moja kwa moja. Za kulipia kila mwezi angalia kama malipo yanajirudia yenyewe, na sikiliza sauti kabla ya kulipa, iwe ya binadamu na ujue ni binadamu wa nchi gani.

Sita, vitabu vidogo vya misemo ya msafiri. Mtu mzima anayeondoka wiki ijayo mnunulie tu, kinakaa mfukoni na hakihitaji chaji. Ila vinakufundisha kuuliza bila kukufundisha kusikia jibu. Umeuliza vizuri kabisa ¿dónde está la estación? (stesheni iko wapi) na mwenyeji akajibu haraka derecho halafu a la derecha, la kwanza ni moja kwa moja, la pili ni kulia, tofauti ni irabu moja na wewe umeshakata kona. Hispania watakwambia todo recto, angalau hiyo haichanganyi. Kitabu kikiwa na majibu ya kutegemea pamoja na maswali, kichukue, visivyo na majibu ni vingi sana kwa hiyo fungua ndani uangalie.

Vitabu vya mazoezi vya kujaza nafasi na kuunganisha mistari ni saba. Vinafaa kwa kazi ya nyumbani na siku mwalimu anaumwa, sina zaidi.

La mwisho ni bango la ukutani, na najua ndo linalonunuliwa zaidi kwa sababu linapendeza. Siku tatu za kwanza wanaliangalia, ya nne limekuwa ukuta. Kama tayari unalo usilitupe, funika kila jina kwa karatasi ya kubanduka, gawa majina kwa wanafunzi, kila asubuhi mmoja anasimama anabandika la kwake mahali pake na kutunga sentensi moja yenye salir, llegar, subir au bajar, halafu baada ya wiki mbili lishushe, na litakapokuwa halipo uliza pale kwenye kona ya juu kushoto kulikuwa na nini, na kilikuwa kinaenda wapi.