Mtambo wa krispi wa "kilo 100 kwa saa": ukifika Arusha utatoa ngapi?

Mtambo unaopimwa hapa ni ule wa kuagizwa China ambao kila anayeanza biashara ya krispi hutumiwa bei yake kwanza: mashine ya kuosha na kumenya, mashine ya kukata, beseni la kusuuza wanga, tangi la maji ya moto, feni za kukausha, kikaangio cha mkanda, pipa la viungo, mizani ya vichwa 10 na mashine ya kufungasha. Vyote vinaunganishwa kwa mikanda na kuendeshwa na paneli moja. Kibao kinasema kilo 100 kwa saa. Mashine zenyewe si mbaya. Namba ya kwenye kibao ndiyo isiyopanda mlima. Ukiufunga Njiro au Unga Limited na ukawa na viazi vizuri, panga kupata kilo 85. Ukiulisha viazi vya kuokoteza sokoni, panga 66.

Hesabu yake ni hii. Krispi iliyoiva ina mafuta karibu asilimia 36, maji asilimia 2, na kinachobaki, asilimia 62, ni kiazi kikavu. Kiazi chenye ukavu wa asilimia 22 kinahitaji slesi kilo 2.8 kutoa kilo moja ya krispi, na kikaangio kinapaswa kufukuza maji kilo 2.2. Kiazi chenye ukavu wa asilimia 18 kinataka slesi kilo 3.4, na maji ya kufukuza yanafika kilo 2.8. Moto ni uleule, kwa hiyo kasi inashuka kwa zaidi ya moja ya tano. Hapo bado hujaingiza mwinuko. Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Feni ya bana, yaani kichomea gesi, inasukuma ujazo uleule wenye oksijeni pungufu, na joto linapungua kwa kiasi hichohicho. Fundi akiongeza gesi ili kufidia, moto unakuwa wa njano, masizi yanaganda kwenye mabomba ya joto, na baada ya wiki chache kikaangio kinapoa zaidi ya mwanzo. Dawa ni kuagiza bana kubwa kwa ngazi moja na kuirekebisha hapahapa kwa kipima moshi, wala si kwa macho. Mji wa Moshi upo chini kiasi, lakini jenereta na kompresa hupungua nguvu huko pia.

Kabla hujatoka kwenye moto, angalia gesi. Kwa kilo 100 za krispi unafukuza maji kilo 220 kwa saa, na kila kilo inakula megajuli 2.6 ukijumlisha kuyapasha na kuyageuza mvuke. Bana yenye ufanisi wa asilimia 65 itachoma gesi ya mitungi kilo 19 kwa saa, yaani mtungi wa kilo 38 kila baada ya saa mbili. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mtungi mmoja wa aina hiyo hauwezi kutoa zaidi ya kilo moja au mbili kwa saa mfululizo. Ukiukamua zaidi unaganda barafu nje na presha inaanguka, hasa Juni na Julai asubuhi. Hivyo unahitaji mitungi zaidi ya 10 kwenye bomba moja, au tangi kubwa lenye kifaa cha kugeuza gesi ya kimiminika kuwa mvuke. Kwenye bei ya muuzaji kitu hicho hakimo.

Kikaangio ndicho mtambo. Vingine vyote ni wasaidizi wake. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kinabeba lita ngapi za mafuta? Krispi kilo 85 kwa saa zinaondoka na mafuta kilo 30. Kikaangio cha lita 600 kina mafuta kilo 540 hivi, kwa hiyo yanachukua saa 17 au 18 kubadilika yote. Kinachofaa ni saa 8 hadi 12. Mafuta yanayokaa muda mrefu kwenye moto yanapanda asidi, yanatoa povu, na krispi yake inakuwa na harufu ya rangi kabla haijatimiza miezi miwili dukani. Mwenye soko la Kilombero pale mjini hatajua, kwa sababu pakiti huliwa wiki ileile. Mwenye soko la nje atajua kwa mzigo kurudishwa. Kataa pia vikaangio vinavyotumia maji chini ya mafuta. Vinafaa kwenye kibanda. Kwa uzalishaji wa mfululizo vinaleta unyevu pale ambapo unapigana kuuondoa.

Mafuta ya mawese yaliyochujwa yanavumilia moto vizuri. Alizeti ya Singida inapendwa, lakini ile ya kawaida huoksidika haraka; ukiitaka kwa sababu ya lebo, itafute yenye oleiki nyingi au punguza muda wa pakiti rafuni. Chujio la makombo lifanye kazi muda wote, siyo jioni tu. Kombo lililoungua ndilo linaloharibu mafuta na kuchafua krispi za saa inayofuata.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mkanda unasimama na slesi zinabaki zimezama. Kikaangio chenye mabomba ya moto ndani ya mafuta kinaendelea kupika kwa joto lililobaki kwenye chuma. Chenye kupashia mafuta nje kinatulia mapema. Kwa umeme wa huku, aina ya pili inastahili nyongeza ya bei. Kwa vyovyote, mkanda na pampu ya mafuta viwe na laini yake ya jenereta inayowaka yenyewe, na stabilaiza ya fezi tatu isimame mbele ya paneli. Kinachoungua kwanza voltiji ikicheza ni vidhibiti vya mwendo wa mota. Na kabla hujalipa salio, dai nenosiri la PLC, kompyuta ndogo ya ndani ya paneli inayoendesha mtambo. Wauzaji wengine hulifunga, halafu kubadilisha sensa moja kunakuwa safari ya mtaalamu kutoka Qingdao, China.

Mashine ya kukata ni sehemu ya pili ambapo pesa isibaniwe. Slesi iwe milimita 1.2 hadi 1.5, na ukipima 20 kwa venia (kipimo cha unene) tofauti isizidi 0.2. Zikitofautiana, nyembamba zinaungua na nene zinabaki laini katikati; hakuna joto la kikaangio litakalozipatanisha. Aina ya kichwa kinachozunguka chenye visu vinane inakata vizuri kuliko ile ya sahani moja. Kisu butu kinachana kiazi badala ya kukikata: maji ya kusuuza yanakuwa meupe kama tui, na krispi inanyonya mafuta zaidi. Badilisha visu kila zamu. Viazi vya udongo wa volkano vinakuja na vijiwe vidogo, na kijiwe kimoja kinamaliza seti nzima, kwa hiyo tangi la kutenga mawe liwekwe kabla ya kumenya hata kama muuzaji anasema si lazima.

Menyeo ya roli za mchanga inatosha. Muda ukizidi unapoteza asilimia 15 ya kiazi kwenye maganda. Macho yenye kina hayatoki mpaka yaguswe na kisu cha mkono, kwa hiyo neno "otomatiki kamili" lina watu wanne wamesimama mezani. Tangi la maji ya moto linakuja kwa sababu mtambo huohuo huuzwa pia kwa chipsi za kugandisha. Kwenye krispi liwashe tu viazi vinapotoa rangi nyeusi; siku nyingine linakula moto na kuongeza mafuta kwenye slesi. Feni za kukausha ziongezwe. Kila kilo ya maji inayofika kikaangioni juu ya slesi inalipiwa gesi.

Sasa viazi, mahali ambapo mipango mingi ya kuuza nje hufia. Shangi, inayovuka kutoka Kenya, ni nzuri kwa chipsi, lakini inachipua haraka na macho yake yanasumbua menyeo. Aina zilizozaliwa kwa krispi ni kama Lady Rosetta, Hermes na ile ya zamani ya Bomet, Dutch Robijn. Kwa mtambo huu, mkataba na wakulima wa miteremko ya Meru au Siha una thamani kuliko mashine ya kuchagua rangi kwa kamera. Zamu ya saa nane inataka viazi tani 2 na robo, kila siku, vya ukubwa wa sentimita 4 hadi 7. Nunua kwa mizani. Lumbesa haikusaidii kujua gharama, na sheria za vipimo haziiruhusu.

Pima getini. Koroga chumvi kilo 1 na robo kwenye maji lita 10, utumbukize viazi 20. Vinavyozama vina ukavu wa asilimia 20 kwenda juu. Vinavyoelea warudishie wauza chipsi. Kisha kaanga slesi moja kutoka katikati ya kila kiazi kwa nyuzi 180 mpaka mapovu yatulie. Kahawia inamaanisha sukari nyingi. Vijiti vya kupimia glukosi vya duka la dawa vinatoa jibu la haraka zaidi ukivigusisha kwenye kiazi kilichokatwa.

Sukari hiyo mara nyingi huletwa na mwenye kiwanda mwenyewe. Arusha ina vyumba vya baridi vingi vya maua na mboga, na baridi yake ni ya nyuzi 2 hadi 4. Kiazi cha krispi kikilala humo wanga wake unageuka sukari. Kihifadhi kwenye nyuzi 8 hadi 10, gizani. Kama kimeshaharibika, kikae kwenye nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki mbili au tatu kisha ukijaribu tena.

Kwa soko la Ulaya hili halihusu sura pekee. Sukari ikikutana na asparajini, asidi amino ya kiazi, kwenye joto kali inazaa akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2158 ya mwaka 2017 imeweka kigezo cha mikrogramu 750 kwa kilo ya krispi. Mtambo wenyewe haupimi. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha mafuta ya mahali slesi zinapotokea kikaangioni hayazidi nyuzi 168, na kuacha unyevu kati ya asilimia 1 na 2. Kukausha kupita hapo hakufanyi krispi ivunjike vizuri zaidi mdomoni, kunaongeza akrilamaidi tu.

Maji ya Arusha yanataka aya yake. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi juu ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, na maji yanayokauka juu ya slesi yanaiacha palepale. Pima kabla ya kununua kiwanja. Ikizidi, weka mtambo wa kuchuja kwa utando maalumu walau kwa suuzo la mwisho. Maji machafu yapite matangi mawili ya kutuamisha wanga, maana ukiyamwaga mtaroni yatachacha siku ya pili, na NEMC, watu wa baraza la mazingira, wataletwa na pua za majirani.

Ufungashaji ulio kwenye mtambo ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei yake, isipokuwa jenereta ya naitrojeni mara nyingi ni ndogo. Oksijeni iliyobaki ndani ya pakiti iwe chini ya asilimia 2, na nailoni iwe na utando wa alumini. Hapa mwinuko unarudi tena: pakiti iliyofungwa Arusha ikifika bandarini Dar es Salaam au Tanga hewa yake inasinyaa kwa asilimia 15, inaonekana kama imeibiwa. Inayopita Namanga kwenda Nairobi inavimba kidogo. Weka mipangilio miwili ya hewa kwenye mashine, mmoja wa pwani na mmoja wa bara, na kila nusu saa zamisha pakiti tano kwenye ndoo ya maji uzibonyeze. Povu lolote ni muhuri uliovuja.

Kontena la futi 40 refu linabeba mita za ujazo 76, na krispi hulijaza kabla halijapata uzito. Katoni ya pakiti 48 za gramu 30 ina krispi kilo 1.44 tu, zikiingia katoni 1,500 ni tani mbili na kidogo. Kwa hiyo usafiri wa meli ndio unaoamua faida, na Kenya, kwa lori, ndiyo nje ya kuanzia. Alama ya ubora ya TBS, cheti cha uasili cha Afrika Mashariki na namba ya msimbo wa mistari (barcode) inayoanza na 620 viwe tayari kabla ya kuchapa nailoni.

Nyota tatu kati ya tano, nne kama kikaangio ni cha kupashia mafuta nje. Mwenye maji safi, wakulima wa mkataba na bana kubwa anunue. Anayetegemea viazi vya soko la Kilombero aanze na mtambo wa kilo 30 uliotengenezewa hapahapa, kwenye mashirika ya umma ya TEMDO (usanifu wa mitambo) au SIDO (viwanda vidogo), ambao spea zake fundi wa mtaani anazichonga. Atakayeagiza, spea ziingie kontena lilelile: seti tano za visu, vipima joto vitatu, elektrodi ya kuwashia bana na jicho lake la kuona moto, kidhibiti kimoja cha mota, hita na utepe wa tefloni wa taya za kufungia. Na bomba la kuundia pakiti liwe la kila upana unaokusudia kuuza, kwani la gramu 30 halitengenezi pakiti ya gramu 150, na kuliagiza peke yake baadaye huchukua miezi.