TAHADHARI: Muuza "vifaa orijino" vya bastola anayeomba picha ya leseni yako

Wakuu, salaam. Kama unamiliki bastola kihalali na unatafuta kubadilisha kioo cha kulengea, springi au kifyatulio (pale unapovuta kwa kidole), soma hapa kabla hujamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Dar akijiita wakala wa vifaa vya Glock kutoka Austria. Picha zake zinavutia na bei yake ni karibu nusu ya unayoijua. Ukimuuliza duka liko wapi anasema Mtaa wa Samora, "ukifika nipigie". Ukifika, hapokei. Mzigo unaletwa na bodaboda hadi Mwenge, na kijana wa watu hajui hata amebeba nini.

Nimevishika kwa mkono wangu vitu alivyowauzia wenzetu wawili. Kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, alichokiuza kama cha bastola ya milimita 9, ni cha zile bastola za mchezo zinazorusha gololi za plastiki. Hakikutengenezwa kuhimili kishindo cha slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele) ya bastola halisi, na nukta ikishahama, risasi zinakwenda usikolenga. Hapo umepoteza hela, inauma lakini inaisha.

Kifyatulio ndicho kilichonifanya niandike. Glock 17 haina swichi ya usalama ubavuni. Kinga zake tatu zimo ndani: kilimi kilichopo kwenye kifyatulio, kizuizi cha pini inayogonga risasi, na kinga ya kuzuia isifyatuke ikidondoka. Zote zinategemea vyuma vyenye vipimo sahihi. Cha kiwandani huvutwa kwa nguvu ya takribani kilo 2.5, yeye anatangaza "laini kabisa, unagusa tu". Tulichokikuta ni chuma kilichopigwa tupa kwa mkono, mikwaruzo inaonekana kwa macho. Fundi alipokijaribu bastola ikiwa tupu, slaidi ikirudi kwa nguvu pini inajiachia yenyewe, kidole hakijagusa kitu. Mwenye bastola hiyo huivaa kiunoni akiwapeleka watoto shule.

Kuna na ubaya mwingine. Kabla ya kutuma mzigo anadai picha ya leseni, namba ya NIDA na namba ya silaha, eti kuhakiki kama wewe ni mmiliki halali. Ukilalamika kuhusu mzigo, lugha inabadilika: ongeza hela, la sivyo anapeleka taarifa polisi kwamba umechezea silaha. Mwenzetu mmoja alilipa tena kwa woga. Naelewa hofu yake, leseni hairudi kirahisi ikishachukuliwa. Lakini huyu tapeli anaishi kwa ukimya wetu, na kila anayelipa anamwongezea mtaji wa kumfuata mwingine.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 imeweka biashara hii mikononi mwa wafanyabiashara wenye leseni. Nunua dukani kwao, dai risiti, kifungwe na fundi wao mbele yako. Na kabla ya kubadilisha chochote, uliza kwa ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni yako. Muuzaji wa kweli ataiangalia leseni yako kaunta, haihitaji kubaki kwenye simu ya mtu.

Kama ameshakupata, usifute meseji wala risiti ya muamala. Nenda kituoni ukafungue jalada, vitisho vya mtandaoni ni kosa hata kama wewe ndiye uliyemtafuta. Namba yake itume kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti matapeli wa simu. Piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Na kama kifyatulio chake kiko kwenye bastola yako sasa hivi, toa magazini, hakikisha chemba haina risasi, ifungie kwenye kasha. Usiivae tena mpaka fundi wa duka lenye leseni akirudishe cha kiwandani.